Muhogo Mchungu Hudai Siku Zake

Kila nipitapo Kariakoo, kando ya Mtaa wa Msimbazi, husimama mbele ya kijana mmoja auzaye mihogo mibichi. Juu ya toroli lake hupanga mihogo iliyomenywa, vipande vya nazi na mafungu ya karanga mbichi, na pembeni huweka kikopo cha chumvi iliyochanganywa na pilipili. Wateja wake, wengi wao wanaume, hula wakiwa wamesimama, wakafuta mikono na kuendelea na safari zao. Mimi humwuliza jambo moja tu: mzigo wa leo umetoka wapi? Hujibu bila kusita kuwa ni Mkuranga, au Kisarawe, au Bagamoyo, na mara nyingi huongeza, "Usiwe na wasiwasi mama, nimeuonja mwenyewe." Kisha hunionyesha mahali alipokata kipande chembamba, akakitafuna na kusubiri kidogo kabla ya kumeza. Ladha ya uchungu na wingi wa sumu huenda pamoja mara nyingi, ingawa si mara zote, kwa hiyo kuonja kwake si jambo la kupuuza. Ni kipimo cha kale kuliko maabara yoyote niliyowahi kufanyia kazi.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimechunguza sumu za asili zilizomo katika mazao tunayokula, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia kwenye muhogo. Sasa nimestaafu, nakaa Tabata, na watu wanaponiuliza nilikuwa nikifanya nini hushtuka wanaposikia neno sumu likitajwa pamoja na chakula cha watoto wao. Nawaelewa. Lakini mmea hauwezi kukimbia wala kupiga kelele. Unapotafunwa na panya, nguruwe au mdudu, silaha yake ni kemia, na mazao mengi tuliyo nayo yalianza yakiwa na silaha hiyo. Wakulima wa kale waliipunguza katika baadhi ya mazao kwa kuchagua mbegu, na katika mengine waliiacha ilivyo wakabuni namna ya kuivunja jikoni. Muhogo mchungu ni wa kundi hili la pili. Jambo nililojifunza polepole, na ambalo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika, ni kwamba usalama wa muhogo huo umo katika muda: siku za kuloweka, siku za kuanika, saa za kutwanga. Njaa inapokula muda huo, ndipo sumu inapoingia kwenye ugali.

Niliingia katika kazi hii kwa sababu ya barua. Mwaka 1988 nilikuwa mwanafunzi wa botania pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mama mdogo aliniandikia kutoka Masasi. Ulikuwa wakati wa ukame, na watu walikuwa wakila kile walichoweza kuchimba. Alieleza kwamba walikula ugali mchana, na kabla jua halijazama binamu yangu mdogo alianza kutapika, akalalamika kichwa na kizunguzungu, na kwa majirani hali ikawa ile ile. Wazee walisema ni muhogo. Wengine walisema ni mkono wa mtu. Mtoto alipona, lakini barua ile niliikunja nikaiweka ndani ya daftari la mihadhara, ikakaa humo hadi karatasi ikachanika kwenye mikunjo.

Watafiti walipolichunguza tukio la Masasi waliona kwamba kiini chake kilikuwa neno moja la jikoni: chinyanya. Katika miaka ya kawaida, mihogo michungu humenywa, ikaanikwa juani kwa siku nyingi hadi ikawa makopa makavu, na makopa hayo ndiyo yanayotwangwa kuwa unga. Chinyanya ni njia ya mkato. Mihogo mibichi hutwangwa, ikaanikwa kidogo, ikatwangwa tena na kuchekechwa, na unga ukasongwa upesi iwezekanavyo. Akina mama waliofanya hivyo hawakuwa wajinga wa sumu. Walijua wanafupisha njia, lakini mtoto anayelia njaa leo hawezi kuambiwa asubiri hadi wiki ijayo.

Niruhusiwe hapa kueleza kinachotokea ndani ya mzizi, kwa sababu bila kulielewa hilo ushauri wote hubaki kuwa amri tupu. Ndani ya seli za muhogo kuna kitu kiitwacho linamarini, ambayo ni sukari iliyofungamana na sianidi. Linamarini huhifadhiwa katika kifuko kilichomo ndani ya seli, ilhali kimeng'enya kiwezacho kuivunja, kiitwacho linamarasi, hukaa nje ya kifuko hicho, kwenye ukuta wa seli. Vikiwa mbalimbali, mzizi hauna madhara kwa wenyewe. Jino la panya linapoipasua seli, au mchi unapoiponda, vitu hivi viwili hukutana. Kimeng'enya huikata sukari, na kinachobaki huvunjika kikawa asetoni na haidrojeni sianidi, ambayo ndiyo sumu yenyewe. Haidrojeni sianidi huchemka katika nyuzi joto 26 hivi za Selsiasi. Mchana wa Dar es Salaam, karibu mwaka mzima, huwa na joto kuliko hilo, na ndiyo maana uani kwetu, kinu kikiwa wazi chini ya mwembe, sumu hugeuka mvuke na kwenda zake huku wanawake wawili wakipokezana mchi.

Watu wengi, hata wasomi, hudhani kwamba kuchemsha ndiyo dawa ya kila kitu, na kwa muhogo mchungu hilo ni kosa kubwa. Ukiutumbukiza muhogo mzima katika maji yanayochemka, joto hukiua kimeng'enya kabla hakijaikuta linamarini, na linamarini yenyewe huvumilia kuchemshwa bila kuvunjika. Unachokula basi ni muhogo laini uliobeba sumu yake ikiwa bado imefungwa, na kazi ya kuifungua hufanywa na bakteria walio tumboni mwako. Kwanza seli zivunjwe, ndipo moto ufuate. Mama yeyote wa pwani anayepika kisamvu hulifuata sharti hili bila kufundishwa na mtu wa maabara: hutwanga majani hadi yakawa rojo, ndipo anapoyabandika, tena bila haraka, kabla ya kutia nazi. Majani ya muhogo mara nyingi yana sianidi nyingi kuliko mzizi, na bado kisamvu kimelisha vizazi na vizazi kwa sababu ya kinu. Siku hizi pale Buguruni na masoko mengine watu hununua kisamvu kilichosagwa kwa mashine, na wapo wazee wanaokilaumu. Mimi sikilaumu. Mashine hupasua seli sawasawa na mchi, ilimradi baada ya hapo kipikwe muda wa kutosha katika sufuria lisilofunikwa kwa kukazwa.

Kuloweka ni njia nzuri zaidi kwa mizizi. Muhogo uliomenywa ukikaa majini siku tatu hulainika, bakteria huanza kazi, seli hupasuka zenyewe na sianidi hutoka na kuingia majini. Unga wa kivunde hutengenezwa hivyo, na ndio unga uliokuwa ukinipa majibu mazuri katika vipimo vyangu. Kuanika vipande vikubwa juani ni njia dhaifu, kwa sababu muhogo hukauka kabla kimeng'enya na linamarini havijakutana vya kutosha, na ukishakauka kazi husimama. Nilipokuwa kijana nilijiuliza kwa nini watu wa kusini wang'ang'anie makopa wakati kuloweka ni bora. Jibu nililipata Newala, siku ya kwanza niliyolala huko, nilipoamshwa alfajiri na sauti za ndoo. Uwanda wa juu wa Makonde hauna maji. Wanawake walikuwa wakiteremka bondeni na kupanda tena wakiwa na ndoo kichwani, na maji yale yalikuwa ya kunywa na kupikia. Nani angeyatumbukiza maji hayo kwenye pipa la mihogo kisha ayamwage baada ya siku tatu?

Mwili wa binadamu una njia yake ya kujitetea dhidi ya sianidi. Huifunga na salfa, ikawa thayosianati, ikatoka kwa mkojo. Salfa hiyo mwili huipata kutoka katika protini, yaani samaki, nyama, mayai, na kwa kiasi fulani kunde, na muhogo wenyewe una protini kidogo mno. Mtu anayekula dagaa na maharage kila siku anaweza kuhimili dozi ndogo bila kuhisi kitu. Mtu ambaye kwa wiki nyingi hakula ila ugali wa muhogo usioandaliwa vizuri, salfa yake huisha, na hapo ndipo unapokuja ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kongo, kwa maana ya miguu iliyofungwa, na daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Konzo humkamata mtu ghafla, mara nyingi ndani ya siku moja: miguu yote miwili hukakamaa, magoti husuguana, mgonjwa hutembea kwa ncha za vidole akishikilia fimbo, au hatembei tena kabisa. Haizidi baada ya hapo, lakini haiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Mwaka 1981 ugonjwa huu uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, na miongoni mwa madaktari walioufuatilia alikuwa Hans Rosling wa Uswidi, ambaye baadaye dunia ilimfahamu kwa takwimu. Huko kwetu, mwaka 1985, wagonjwa 39 waligunduliwa wilayani Tarime, tena wakati wa ukame, tena kwa muhogo ambao haukuanikwa ukakauka inavyopasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilirudi, safari hii mkoani Mtwara. Nimekutana na wagonjwa. Mmoja alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, aliyekaa kwenye mkeka akipura mbaazi, na mama yake alipomwita aje anisalimie alinyanyuka kwa mikono, akaegemea nguzo ya kibaraza, akanipa shikamoo akiwa amesimama kwa vidole vya miguu kama mtu anayetaka kuchungulia juu ya ukuta. Nilimwomba akae. Nimeandika taarifa nyingi tangu siku ile, na katika kila taarifa nimemwona.

Katika miaka ya 1990 kupima muhogo wa kusini ukiwa Dar es Salaam lilikuwa jambo la kukatisha tamaa. Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa, na Rufiji tulivuka kwa kivuko pale Ndundu. Masika ikikaza, barabara ilikuwa tope tupu, na mara moja tulikaa kando ya mto usiku mbili, sampuli zangu zikiwa kwenye masanduku ambayo barafu yake iliyeyuka jioni ya kwanza. Muhogo uliochimbwa haukai kimya. Seli zake huanza kufa, kimeng'enya huanza kazi, na nilipofika maabara nilikuwa nikipima sumu ya safari badala ya sumu ya shamba. Nililazimika kuzitupa sampuli za vijiji vinne. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2003 wengi walifurahia biashara ya korosho na samaki, na mimi nilifurahia mihogo yangu ifike siku hiyo hiyo.

Kipimo chenyewe, kwa sura yake ya sasa, kinaweza kufanyika juu ya meza ya shule ya msingi. Kilibuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, huko Canberra, kwa kutegemea mmenyuko uliokuwa ukijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Unachukua miligramu 100 za unga, kiasi cha kujaza ncha ya kijiko kidogo, unautia katika kichupa cha plastiki pamoja na kimeng'enya na maji, kisha unaning'iniza ndani yake kijikaratasi cha njano kilicholowekwa kemikali iitwayo pikrati, bila kugusa unga. Unafunga kifuniko, unalala. Asubuhi, kama unga hauna sianidi, kijikaratasi ni cha njano vilevile. Kama unayo, rangi imegeuka kuwa ya machungwa, kisha ya udongo mwekundu, na katika unga mbaya kabisa huwa ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Unakilinganisha na kadi ya rangi na kusoma namba. Kiwango cha kimataifa cha Codex, tume ya viwango vya chakula, kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Katika miaka ya ukame nimesoma namba zilizozidi 100, na nimejikuta nikikigeuza kijikaratasi upande wa pili, kana kwamba upande ule ungesema jambo jingine.

Sasa nieleze kosa langu, maana vijana wanaoanza utafiti wanapaswa kulijua. Nilipopata kazi yangu ya kwanza niliamini, kama wenzangu wengi, kwamba suluhisho ni jepesi: wakulima waache muhogo mchungu, wapande mtamu. Tulibeba mafungu ya vipando hadi kijiji kimoja cha kusini, tukafanya mkutano chini ya mkorosho, tukapigiwa makofi. Baada ya misimu miwili nilirudi. Bibi mmoja aliyetupokea mara ya kwanza alinikaribisha, nikamwamkia, akanipa kiti, ndipo akanipeleka shambani bila kusema neno. Mistari ya muhogo mtamu ilikuwa mashimo matupu. Nguruwe walikuwa wamefukua upande wa msituni, nyani walikuwa wameng'oa kuanzia upande wa bonde, na kilichobaki, alisema, kiliibwa na watu usiku, maana muhogo mtamu unachimbwa na kuliwa papo hapo. Hatua ishirini kutoka pale, muhogo wake mchungu ulikuwa umesimama imara. "Mwanangu," akaniambia, "huu unajilinda. Ule uliotuletea unahitaji askari, na mimi nina wajukuu wanne na kiuno kibovu."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina jibu zuri kuliko lake. Watafiti waliofanya kazi Malawi walikuta mambo kama hayo hayo: wanawake wanauchagua muhogo mchungu wakijua wanachofanya, kwa sababu mwizi na mnyama hawana siku za kuutibu. Muda unaotuumiza sisi wakati wa njaa ndio unaowafukuza wao wakati wa neema. Tangu hapo sikumwambia mkulima yeyote aache zao lake kabla sijamwuliza kwa nini analo.

Sidharau kazi ya kuzalisha mbegu bora, wala mtu asinielewe hivyo. Pale Amani, katika milima ya Usambara, tangu miaka ya 1930 mtafiti H. H. Storey na wenzake waliuchavusha muhogo na jamii yake ya porini, ule mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii, ili kupata aina zinazohimili magonjwa ya batobato na michirizi kahawia. Namikonga, ambayo wakulima wa kusini wanaifahamu na watafiti wanaitegemea hadi leo, ni uzao wa kazi hiyo. Na mwaka 2003 Siritunga na Sayre, wakiwa Marekani, walitangaza kwamba wamepata mimea ya muhogo ambayo karibu haina linamarini kabisa, kwa kuzima jeni zinazoitengeneza. Niliposoma makala yao nilifurahi kwa dhati, kisha nikamkumbuka yule bibi na nguruwe wake. Mmea usio na sumu yoyote unaweza kufaa sana kwa mkulima wa Kibaha aliye karibu na barabara, mwenye uzio na soko la uhakika la Dar es Salaam. Kwa shamba lililo ukingoni mwa msitu sina hakika kwamba ni zawadi.

Muhogo ulinichukua zaidi, lakini si zao pekee. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana lektini, aina ya protini inayoharibu ukuta wa utumbo, na punje chache tu ambazo hazijaiva zinaweza kumfanya mtu atapike kwa saa kadhaa. Kuyachemsha kwa nguvu kwa dakika 10 kamili huimaliza lektini hiyo, lakini kuyaacha kwenye moto wa chini ambao haufikii mchemko kunaweza kuifanya iwe kali zaidi. Nalitaja hili kwa sababu mkaa umepanda bei jijini, na nimeona nyumba ambazo maharage hutokoswa taratibu mchana kutwa ili kuokoa moto. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemke kwelikweli kwanza, ndipo moto upunguzwe. Viazi mviringo navyo, vile vinavyokuja kwa malori kutoka Njombe na Mbeya, vikianikwa juani mbele ya kibanda cha chipsi hugeuka kijani. Ule ukijani wenyewe hauna ubaya, lakini mwanga huo huo huongeza sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa, na mafuta ya chipsi hayaimalizi. Huko Marekani kiazi kiitwacho Lenape, kilichotolewa kwa wakulima mwaka 1967 kwa sifa nyingi, kiliondolewa mwaka 1970 baada ya kugundulika kwamba kina solanini kupita kiasi. Na wazee wa pwani wanaikumbuka ndiga, kiazi mwitu cha miaka ya njaa, kilichokatwa vipande na kulowekwa siku kadhaa kabla ya kuthubutu kukila. Kila ninakogeuka nakutana na maji, moto na subira.

Kuna jambo lililoniumiza, na nitalisema kwa kifupi. Katika mwaka mmoja wa ukame niliandika taarifa ya onyo, nikaeleza kwamba namba za vijikaratasi zinapanda, na kwamba iwapo vyakula vyenye protini havitapelekwa pamoja na mahindi ya msaada tutegemee konzo. Taarifa hiyo niliipeleka kwa mkono katika ofisi moja hapa jijini, ikagongwa muhuri mbele yangu. Nilipofuatilia baada ya miezi niliambiwa faili lipo, linasubiri saini. Wagonjwa walikuwa wameshaanza kuonekana. Sijui kama saini ile ingezuia kila kisa, lakini najua kwamba kwa ugonjwa unaomkamata mtu ndani ya siku moja, miezi ya kusubiri ni mingi mno.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini nilizunguka vijijini nikifundisha njia ya kuulowanisha unga, ambayo nayo ilitoka kwa Bradbury na wenzake. Ni rahisi kiasi kwamba mara ya kwanza sikuiamini. Unatia unga mkavu katika bakuli na kuweka alama ya mkaa pale unga ulipofikia. Unaongeza maji kidogo kidogo ukikoroga; unga hushuka kwanza chini ya alama, kisha hupanda, na unapoifikia alama tena unaacha. Unautandaza juu ya mkeka au sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, unauacha juani saa mbili, au kivulini saa tano. Linamarini iliyobaki hukutana na kimeng'enya ambacho kilikuwa kimelala katika unga mkavu, sumu hutoka kama mvuke, na sianidi hupungua hadi theluthi moja, wakati mwingine hadi sehemu moja ya sita. Maji yanayohitajika ni ya bakuli moja, na hayamwagwi. Kwa Newala hilo lilikuwa jambo kubwa. Unga huo lazima usongwe siku hiyo hiyo, la sivyo utachacha.

Nakumbuka darasa moja tulilofanyia nyuma ya zahanati, wanawake wapatao ishirini, sinia zimepangwa juani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Dokta, saa mbili hizo nitazipata wapi? Natoka shamba saa saba, watoto wanatoka shule saa nane." Nilianza kueleza tena kuhusu sianidi. Mwanamke mwingine, mzee kidogo, akanikatiza kwa upole na kumgeukia mwenzake: unga uulowanishe asubuhi kabla hujatoka, akasema, uutandaze ndani, juu ya uchaga, kivulini, saa tano utakuwa bado uko shamba, na kuku hawatauparua. Wote wakacheka, wakaanza kubishana juu ya kuku, na juu ya nani ana uchaga na nani ataazima sinia. Mama yule mwenye mtoto akahesabu kwa vidole, kutoka saa moja asubuhi hadi saa saba, akasema zinatosha na saa moja inabaki. Nikakiandika kivuli kile katika daftari langu, chini ya vipimo vya siku hiyo, na kuanzia kijiji kilichofuata nikawa nafundisha njia ya kivulini kwanza.